Nywele zikinyonyoka kwa magamba, usikimbilie wembe wala wigi

Ukishuka kwenye matatu mjini Kitengela Jumamosi alasiri, kitu cha kwanza utakachoona kando ya barabara ya Namanga ni saluni. Ziko za vioo na za mabati, ziko kwenye maghorofa na ziko chini ya mwavuli mbele ya duka la mboga. Akina dada wanaofanya kazi katika viwanda vya EPZ kule Athi River wamepata nafasi ya kusukwa, wasichana wa shule wanatengenezwa nywele, nao akina mama wanajiandaa kwa ibada ya kesho. Katika mji huu ambao hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha una wakazi zaidi ya 150,000, msusi hakosi mteja.

Lakini huenda wewe msomaji ni miongoni mwa wanaozipita saluni hizo kichwa kikiwa kimefungwa kitambaa. Huenda ni mwaka sasa hujamwonyesha mtu yeyote utosi wako. Kichwa kinawasha usiku kucha, asubuhi mto umejaa unga mweupe, na ukipitisha chanuo linarudi na kishungi cha nywele. Ulidhani ni mba. Ukanunua mafuta haya na sabuni ile, jirani akakuletea majani, shangazi akakuambia kuna mtu aliyeokota nywele zako akaenda nazo kwa mganga. Magamba yakazidi kuwa manene, nazo nywele zikazidi kupungua.

Yawezekana si mba na wala hakuna aliyekuroga. Yawezekana ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi ambao Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2016, lilikadiria kuwa unawasumbua watu wasiopungua milioni 100. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao hupatwa nao kichwani. Jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa ni kwamba nywele zinazonyonyoka kwa sababu ya soriasisi kwa kawaida huota tena. Zinazopotea moja kwa moja mara nyingi ni za mtu aliyechelewa, aliyekwaruza, aliyechoma kwa dawa kali au aliyeficha mpaka kovu likafunga shina la nywele. Kwa hivyo muda na mkono mpole ndivyo vinavyoamua.

Ngozi yenye haraka

Ngozi ya mwanadamu hujibadilisha kila siku. Seli mpya huzaliwa chini, husukumwa juu polepole, na baada ya mwezi mmoja hivi hufa na kupeperuka bila wewe kujua. Kwa mwenye soriasisi, safari hiyo ya mwezi humalizika kwa siku 3 hadi 5. Kinacholeta haraka hiyo ni kinga ya mwili. Askari wa damu, ambao kazi yao ni kupigana na viini, huishambulia ngozi kana kwamba imeingiliwa na adui. Ngozi nayo hujibu kwa kutoa seli upesi upesi, na seli hizo changa hurundikana juu zikawa magamba makavu.

Picha nyingi katika vitabu vya tiba ni za Wazungu, ambao mabaka yao huwa mekundu yenye magamba ya rangi ya fedha. Kwenye ngozi yetu nyeusi baka laweza kuwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokolea, na magamba yake yakafanana na majivu. Kichwani, mabaka hupenda kukaa kisogoni na juu ya masikio, na aghalabu huvuka mpaka wa nywele yakaingia kwenye paji la uso. Jitazame pia viwiko, magoti na sehemu ya chini ya mgongo. Angalia kucha zako kama zina vishimo vidogo mithili ya vilivyotobolewa kwa ncha ya sindano. Ukiviona pamoja na magamba ya kichwani, una sababu nzuri ya kumwona daktari.

Ugonjwa huu hufuata ukoo, ingawa si lazima mtoto wa mgonjwa naye awe mgonjwa. Mara nyingi hujitokeza mtu akiwa na umri wa miaka 20 hadi 30, au tena baadaye akiwa na miaka 50 hadi 60. Hata mwenye asili hiyo katika damu anaweza kukaa miaka mingi bila dalili mpaka jambo fulani liuamshe: maambukizi ya koo, mawazo mengi, pombe, sigara, au jeraha la ngozi. Baadhi ya dawa pia huuchochea, zikiwemo klorokwini, lithiamu ya kutibu maradhi ya akili na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Iwapo unatumia mojawapo, usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mweleze daktari aliyekuandikia.

Kwa karne nyingi wagonjwa wa soriasisi walichanganywa na wenye ukoma na kutengwa pamoja nao. Daktari Robert Willan wa London aliueleza vyema mwaka 1809, na mwaka 1841 Ferdinand Hebra wa Vienna akautenganisha kabisa na ukoma. Hata hivyo ile tabia ya kumkwepa mgonjwa haijaisha. Kwa hivyo na tuseme waziwazi: soriasisi haiambukizi. Huwezi kuipata kwa chanuo, kwa kofia, kwa taulo, kwa mto wala kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa.

Kwa nini nywele huanguka

Zamani madaktari wengi walishikilia kwamba soriasisi hainyonyoi nywele. Mgonjwa aliyelalamika kuwa anapata kipara aliambiwa atafute sababu nyingine. Mwaka 1972 ndipo Sam Shuster, daktari wa ngozi wa Newcastle nchini Uingereza, alipoandika katika jarida la tiba kueleza upara unaotokana na soriasisi yenyewe. Leo wataalamu wanakubali kwamba jambo hili lipo, na wanaijua njia yake.

Hebu tuanze na kichwa chenye afya. Kina nywele kama 100,000. Karibu tisa kati ya kila kumi zinakua, na zilizobaki zimepumzika zikingoja kuanguka. Kila siku nywele kati ya 50 na 100 huanguka na nyingine kuchipuka mahali pake. Ikiwa umesukwa kwa wiki 6, basi nywele zilizokufa katika siku hizo 42 zimenaswa ndani ya misuko. Zidisha 42 kwa 50 na utapata 2,100. Kwa hivyo usishtuke ukifumua ukaona rundo. Shtuka ukiona sehemu iliyopungua mpaka ngozi inaonekana, au nywele zikija kwa mashungi kila siku.

Soriasisi huziangusha nywele kwa njia kadhaa. Kwanza ni kucha zako. Kichwa kinachowasha hukunwa, na ukibandua gamba lililoshikamana na ngozi unang'oa na nywele zilizopita ndani yake. Pili ni uvimbe ulio chini ya magamba. Huo huzisukuma nywele nyingi ziingie katika mapumziko kabla ya wakati wake, na kwa kuwa nywele hupumzika kwa miezi 2 au 3 kabla ya kuanguka, utaziona zikimwagika wakati ambapo hata ugonjwa umeanza kutulia. Watu wengi hukata tamaa hapo na kutupa dawa iliyokuwa ikiwasaidia. Tatu ni matibabu makali, yawe ya dukani au ya kienyeji, yanayokausha na kuchoma.

Njia hizo tatu huacha shina la nywele likiwa hai. Ngozi ikitulia, nywele huchipuka tena. Nywele za Mwafrika hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, kwa hivyo usitazamie mabadiliko baada ya wiki mbili. Jipe miezi 3 hadi 6. Njia ya nne ni nadra, nayo ndiyo ya kuogopwa: uvimbe ukikaa miaka mingi bila matibabu, kovu linaweza kufanyika na kuliziba shina. Mahali penye kovu ngozi huwa nyororo na yenye kung'aa, na vile vitundu vidogo vya nywele havionekani tena. Hapo hakuna mafuta yatakayoziotesha. Hiyo ndiyo sababu ya kutongoja.

Si kila magamba ni soriasisi

Kabla ya kujihukumu, fahamu kwamba magonjwa mengine hufanana na huu. Mba ya kawaida huwa na unga mwepesi wenye mafuta, nayo hutulia kwa sabuni ya nywele ya kutibu mba. Haina gamba nene lenye ukingo unaoonekana wazi.

Mapunye, ambayo vijana wa Nairobi huyaita mashilingi, huletwa na kuvu na huambukiza. Hasa huwapata watoto. Huacha viraka vya duara vyenye nywele zilizokatika karibu na ngozi, na wakati mwingine tezi za shingo huvimba. Mapunye huhitaji dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa. Ukimpaka mtoto mwenye mapunye krimu ya steroidi inayofaa soriasisi, utakuwa umeifichia kuvu maskani yake. Mwasho utapungua huku ugonjwa ukienea.

Kuna pia upara wa misuko, ambao huanzia kwenye paji na kando ya masikio kwa sababu ya kuvutwa mwaka nenda mwaka rudi. Kuna na ule unaoanzia utosini na kupanuka taratibu, unaowapata sana wanawake weusi, nao huacha kovu. Mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Daktari anaweza kukwangua magamba kidogo ayapime kama yana kuvu, au akakata kipande kidogo cha ngozi kikachunguzwe. Usiogope kipimo hicho. Hufanywa kwa ganzi, na huokoa miezi ya kubahatisha.

Maji ya chumvi na mkono wa msusi

Ukiwauliza watu wa Kitengela kwa nini nywele zao zinakatika, wengi watalaumu maji. Maji ya visima vya huko yana chumvi nyingi, sabuni haitoi povu, na vyombo hubaki na utando mweupe. Ni kweli kwamba maji ya namna hiyo hukausha nywele na kuifanya ngozi iwashe zaidi. Hata hivyo hayaleti soriasisi. Ukiweza, suuza kichwa mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya mtungi, halafu paka mafuta nywele zikiwa bado na unyevu. Usitumie akiba yako yote kununua maji ukaacha kununua dawa.

La kutazamwa zaidi ni mkono wa msusi. Katika miaka ya 1870 daktari Mjerumani, Heinrich Köbner, aligundua kwamba mgonjwa wa soriasisi akijikwaruza au akiungua, ugonjwa huweza kuota mahali hapo hapo penye jeraha. Sasa fikiria kinachofanyika saluni: misuko inayovuta mpaka macho yanatoka, dawa ya kulainisha nywele inayochoma, chanuo la moto, nywele bandia zilizoshonewa, gundi ya wigi kwenye paji la uso. Kila kimoja ni jeraha dogo. Kwa mtu mwingine lingepona bila kujulikana, lakini kwako wewe ni mwaliko.

Haina maana kwamba usahau saluni. Wakati mabaka yamechachamaa, acha kemikali, moto na gundi. Ngozi ikitulia, suka misuko mikubwa iliyolegea, isiyozidi wiki chache, na uache njia za kupakia dawa. Wigi ukiivaa, iwe ya kuvaliwa na kuvuliwa, isibane, na uivue ufikapo nyumbani.

Zungumza na msusi kabla hujakaa kitini. Mwambie, "Dada, nina ugonjwa wa ngozi kichwani. Hauambukizi, daktari ameuona. Naomba usikwangue magamba, usivute, na maji yasiwe moto." Maneno hayo ni machache, na yatakuepusha na aibu ya kuulizwa kwa sauti mbele ya wateja wengine. Nawe msusi unayesoma haya, usimfukuze mteja huyo. Safisha vifaa vyako kama unavyopaswa kuvisafisha kwa kila mtu, kisha umhudumie.

Kipara cha Kajiado

Ukiifuata barabara hiyo hiyo kupitia Isinya hadi mjini Kajiado, kilomita kama 50 kutoka Kitengela, utakutana na mtazamo mwingine kabisa kuhusu nywele. Kwa desturi ya Wamaasai, mwanamke hunyoa kichwa kikang'aa, akavaa shanga masikioni na shingoni, na hapo ndipo anapoitwa mrembo. Anayefuga nywele ndefu ni morani, ambaye huzisuka na kuzipaka udongo mwekundu na mafuta. Siku ya sherehe ya eunoto, ambapo morani huaga ujana wa kivita, mama yake mzazi ndiye humnyoa. Wako morani waliolia siku hiyo.

Msomaji, yako mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba aibu ya kichwa kisicho na nywele haikuumbwa pamoja na kichwa. Imeletwa na macho ya watu, na macho ya Noonkopir si macho ya Kajiado. Mwanamke aliyekata nywele zake fupi ili atibiwe hajapungua chochote. Kwa kweli nywele fupi hurahisisha matibabu, kwani dawa huifikia ngozi badala ya kubaki kwenye nywele, na kichwa huoshwa kwa wepesi.

Funzo la pili ni la tahadhari. Kunyoa si tiba ya soriasisi, na wembe unaopita juu ya magamba hukata ngozi. Huko ndiko kule kuumia alikokueleza Köbner. Isitoshe, wembe wa kushirikiana unaweza kusambaza magonjwa ya damu. Ukitaka kupunguza nywele, tumia mkasi au mashine ya kinyozi iliyosafishwa, na uache urefu kidogo.

Dawa na jinsi ya kuitumia

Soriasisi haina dawa ya kuiondoa moja kwa moja, lakini hutulizwa, na wengi hukaa miezi au miaka bila dalili. Kosa la kawaida ni kupaka dawa juu ya gamba nene. Dawa hiyo haifiki popote. Lainisha gamba kwanza. Usiku paka mafuta ya nazi au ya zeituni kwenye ngozi, funga kitambaa laini, kisha asubuhi osha kwa sabuni ya nywele yenye asidi ya salisiliki au lami ya makaa ya mawe. Pitisha chanuo lenye meno mapana likiwa limelala, uchukue tu kile kilicholegea chenyewe. Kinachokataa kutoka, kiache hadi siku nyingine. Kwa nywele zetu zinazokatika upesi, kuosha mara moja kwa wiki hutosha watu wengi. Asidi ya salisiliki ikitumiwa kupita kiasi yaweza yenyewe kuangusha nywele kwa muda, na haifai kupakwa mtoto bila ushauri wa daktari.

Baada ya hapo ndipo ipakwe dawa ya kutuliza uvimbe. Aghalabu huwa ya steroidi, katika hali ya majimaji au povu ili ipenye kati ya nywele. Gawa nywele mistari mistari, weka matone kwenye ngozi, sugua taratibu kwa ncha ya kidole. Steroidi zenye nguvu hutumiwa kwa wiki 2 hadi 4, kisha hupunguzwa kwa maagizo ya daktari. Usiendelee kununua mwenyewe dukani kwa miezi, kwani huikonda ngozi, na ukiacha ghafla ugonjwa hurudi kwa kishindo. Kalsipotrioli, iliyo jamaa ya vitamini D, hutumiwa pamoja nayo au baada yake. Hiyo usiichanganye na asidi ya salisiliki, maana asidi huiharibu.

Hali ikiwa mbaya, daktari anaweza kukupa matibabu ya miale maalumu au vidonge. Methotreksati ni ya bei nafuu na husaidia wengi, lakini sikiliza vizuri: kwa soriasisi humezwa mara moja kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku kwa kukosea anaweza kufa. Haipatani na pombe, na ni marufuku kwa mwanamke mjamzito au anayetarajia kupata mimba. Damu na ini hupimwa mara kwa mara. Nayo yaweza kupunguza nywele kidogo, hivyo muulize daktari mapema usije ukadhani ugonjwa umezidi. Siku hizi pia kuna sindano za kisasa zinazozuia kemikali fulani za kinga ya mwili. Zina nguvu sana, lakini bei yake wengi hawaimudu.

Epuka mambo matatu. Usimeze wala kudungwa steroidi kutoka kwa mtu asiye mtaalamu, kwani zikikatizwa ghafla zinaweza kuleta aina ya soriasisi yenye usaha inayohatarisha maisha. Usipake mafuta ya taa wala maji ya betri. Wala usiamini anayekuhakikishia kuponya kwa siku saba. Mshubiri waweza kutuliza mwasho kwa baadhi ya watu, lakini usiwe badala ya hospitali.

Mahali pa kwenda

Anzia karibu. Hospitali ya Kitengela, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyo mjini Kajiado, ina matabibu wanaoweza kukutazama na kukupa barua ya kwenda mbele ikihitajika. Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, jijini Nairobi, ina kliniki ya ngozi. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Ndiyo sababu, ukiifuata barabara hii ya Namanga ukavuka mpaka, ukapita Arusha hadi Moshi, utakuta katika hospitali ya KCMC chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 kuwafunza matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Uliza hospitalini kwako kama yupo tabibu aliyesomea ngozi. Huenda yuko mlango wa pili na hukujua.

Nenda umejiandaa. Andika kwenye karatasi: ugonjwa ulianza lini, dawa zote ulizotumia pamoja na za kienyeji, kama kuna jamaa mwenye hali hiyo, na kama viungo vinauma. Usiache hili la mwisho. Baadhi ya wenye soriasisi hupata ugonjwa wa viungo, na walio nayo kichwani na kwenye kucha wako katika hatari zaidi. Vidole vinavyovimba, kisigino kinachouma au mgongo unaokakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa ni habari muhimu kwa daktari. Asipotibiwa mapema mtu huweza kulemaa viungo. Daktari akipendekeza upimwe virusi vya Ukimwi, usiudhike. Soriasisi inayolipuka ghafla kwa mtu mzima wakati mwingine huambatana navyo, ingawa wengi wenye soriasisi hawana virusi hivyo kabisa.

Nyumbani na shuleni

Mei 2014, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitambua soriasisi kuwa ugonjwa wa kudumu, usioambukiza, wenye maumivu na wenye kumfedhehesha mtu. Wagonjwa wengi huumia zaidi kwa kutengwa kuliko kwa mwasho. Wako waliokwepa kuchumbiwa, waliokataa kazi ya kukutana na watu, na waliokoma kwenda kanisani kwa sababu ya kofia isiyovuliwa.

Mume, ukimwona mkeo amelala na kitambaa mwaka mzima, usimcheke. Mwambie akuonyeshe, na ujitolee kumpaka dawa kisogoni ambako macho yake hayafiki. Mwalimu, usimtoe mwanafunzi darasani kwa kumdhania ana mapunye kabla hajapimwa. Mpe ruhusa ya kofia ikiwa ataihitaji. Nawe mwanafunzi, ukichekwa bwenini, jibu lako ni fupi: "Ni ngozi yangu inakua haraka, haishikani." Ikiwa huzuni imekulemea mpaka huli wala hulali, mweleze daktari hilo pia, kwani nalo lina matibabu.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Soriasisi ya kichwani si ya kuua, lakini nayo humuumbua anayeificha, kwa kumnyang'anya nywele ambazo zingerudi. Leo ni Jumapili. Mwombe mtu unayemwamini akufungue kitambaa dirishani penye mwanga, atazame kama vile vitundu vya nywele bado vipo na ni wapi magamba yamekaa. Apige picha, ili baada ya miezi mitatu uwe na cha kulinganisha. Kisha kata kucha zako, weka chanuo la meno mapana karibu, na wiki hii uende hospitali.